Miaka ya Turubai: Wanaume wa Tenisi ya Kulipwa Kabla ya 1968

Mheshimiwa Mwenyekiti, makocha wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokuja na raketi zenu mgongoni: wazee wangu walioketi mbele shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mabingwa wa zamani wa tenisi. Nilipoachiwa nafasi ya kuchagua, nilichagua watu ambao vijana wengi hawajapata kuwasikia, au wakiwasikia huyakuta majina yao chini kabisa kwenye orodha za mataji. Nazungumzia wanaume walioifanya tenisi kuwa kazi ya kuwapatia riziki kabla ya mwaka 1968, enzi ambazo kupokea malipo kulimfungia mchezaji milango ya Wimbledon, ya Roland Garros mjini Paris, ya Forest Hills kule New York palipochezewa ubingwa wa Marekani, ya mashindano ya Australia, na hata ya Kombe la Davis alimokuwa akiichezea nchi yake. Ninalotaka kusema ni hili: miaka yao iliyo bora kuliko yote haimo katika vitabu vya mataji makubwa, na sisi tunaopima ubingwa kwa mataji hayo peke yake tunawadhulumu.

Kiswahili kimetupa maneno yanayotosha kabisa kulieleza jambo hili. Tunasema ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa, na kila mtu mtaani anaelewa kwamba bondia wa ridhaa anapigania klabu na timu ya taifa, na wa kulipwa ameweka saini kwa promota. Bondia anapotoka ridhaa kwenda kulipwa, watu humpongeza kwamba amepanda. Mchezaji wa tenisi wa zama hizo alipovuka mpaka uleule, vyama vya mchezo vilimfuta kana kwamba amefariki. Hata Afrika Mashariki yetu ililionja jambo hili katika riadha: Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 mjini Mexico mwaka 1968 na ile ya kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka 1972, alijiunga mwaka 1973 na mashindano ya riadha ya kulipwa yaliyoandaliwa Marekani, na kwa saini hiyo akawa hana tena ruhusa ya kukimbia katika Olimpiki.

Sheria ya ridhaa katika tenisi ilitungwa na watu wenye mali. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika mwaka 1877, na waliocheza walikuwa na ardhi, urithi au kazi za heshima, kwa hiyo kwao kulipwa kwa kucheza ilikuwa aibu. Mtoto wa mwenye duka au wa mfanyakazi wa kiwandani alipoanza kuwashinda uwanjani, sheria ile haikubadilika. Ikazaliwa biashara ya bahasha: waandaaji walimlipa nyota wa ridhaa nauli na posho kubwa kuliko gharama zake, kampuni za vifaa vya michezo zikamwajiri katika kazi ambazo hazikumhitaji afike ofisini, na kila mtu akajifanya haoni. Nalisema hili mapema ili tusidhani kwamba waliobaki ridhaa walicheza bure na waliokwenda kulipwa ndio waliopenda fedha. Wote walipokea, ila hawa wa pili walipokea mchana kweupe.

Msafara wa kwanza wa kulipwa ulianza mwaka 1926, pale promota wa Kimarekani C. C. Pyle alipomchukua Mfaransa Suzanne Lenglen, malkia wa tenisi wa wakati huo, akamzungusha Amerika ya Kaskazini pamoja na wanaume wachache akiwemo Vincent Richards. Baadaye Bill Tilden, bingwa mara 3 wa Wimbledon na mara 7 wa Marekani, aliiacha ridhaa mwishoni mwa 1930, akiwa na umri wa miaka 37, na Februari 1931 akaujaza ukumbi wa Madison Square Garden katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Karel Koželuh wa Chekoslovakia. Wakamfuata Ellsworth Vines, Fred Perry na Don Budge. Perry, mtoto wa mwanasiasa wa chama cha Labour aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, alikuwa ameipa Uingereza Wimbledon 3 mfululizo, 1934 hadi 1936, na Kombe la Davis miaka 4 mfululizo. Alipoweka saini ya kulipwa, klabu ya Wimbledon ilimwondolea uanachama wa heshima, na mwaka uliofuata Uingereza ikalipoteza Kombe la Davis. Sanamu yake ilikuja kusimamishwa pale pale Wimbledon mwaka 1984, miaka 50 baada ya taji lake la kwanza.

Sasa nawaomba mnipe subira kidogo, kwa sababu ili tuwaelewe watu hawa ni lazima tuielewe kazi yao ilivyokuwa, na haikuwa kama kazi ya mchezaji wa leo. Hapakuwa na kalenda ya mashindano ya kila wiki yenye wachezaji 32 au 64. Palikuwa na msafara. Bingwa wa kulipwa alikutanishwa na kijana aliyetoka kushinda Wimbledon au Forest Hills, na wawili hao wakacheza wao kwa wao, usiku baada ya usiku, mji baada ya mji, pengine mechi 70, pengine zaidi ya 100. Nyuma yao walikuwepo wachezaji wengine wawili wa kufungua pazia, kisha wote wanne wakacheza wawili kwa wawili ili mtazamaji aone thamani ya tiketi yake. Mwisho wa msafara hesabu ilijumlishwa. Ilikuwa kama drafti ya barazani: aliyefungwa anainuka, anakaa mwingine. Aliyeinuka hakuwa na pengine pa kwenda, kwa sababu ridhaa isingempokea tena.

Uwanja wenyewe walikwenda nao. Ulikuwa turubai zito lililochorwa mistari tayari, likikunjwa na kupakiwa kwenye lori. Mtakapofika nyumbani hebu lifikirieni: lori linafika mchana kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, au kwenye ukumbi wa mchezo wa magongo wa barafu, turubai linatandikwa juu ya mbao au juu ya barafu yenyewe, linavutwa kwa kamba pande zote mpaka likaze, wavu unasimamishwa, na saa mbili usiku mabingwa wawili wa dunia wanaanza kazi chini ya taa ambazo hazikuwekwa kwa ajili ya tenisi. Mpira ukiangukia penye mkunjo unapotoka. Ukuta uko karibu mno na mstari wa nyuma. Mechi ikiisha, turubai linakunjwa, na wachezaji wanaingia garini kuendesha usiku kwenda mji mwingine, kwa sababu kesho kuna tiketi zimeuzwa.

Msafara uliofahamika kuliko yote ulianza usiku wa tarehe 26 Desemba 1947. Jack Kramer, bingwa wa Wimbledon wa mwaka huo, alikuwa acheze mechi yake ya kwanza ya kulipwa dhidi ya Bobby Riggs katika Madison Square Garden. Siku hiyo theluji ilianguka New York kwa kiasi ambacho mji haukuwa umekiona kwa miongo mingi, zaidi ya nusu mita kwa siku moja. Magari yakafukiwa barabarani na usafiri ukasimama. Hata hivyo watu 15,114 walifika ukumbini, wengi wao kwa miguu, wakapukuta theluji kwenye makoti, wakakaa kuangalia tenisi. Riggs alishinda usiku ule. Lakini msafara ulipomalizika Kramer alikuwa na ushindi 69 na Riggs 20, na Riggs akainuka barazani.

Napenda kuwauliza vijana wangu swali hili: ni nani kati yenu, akifungwa na mtu yuleyule mara 69, angeamka tena asubuhi akafunga kamba za viatu?

Yupo aliyepitia yaliyo mazito kuliko hayo, naye ndiye mtu ninayemheshimu kupita wote katika habari hii. Jina lake Ricardo González, maarufu Pancho Gonzales, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1928 kwa wazazi waliohamia kutoka Mexico, mmoja wa watoto 7. Raketi yake ya kwanza alinunuliwa na mama yake kwa senti 51. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kwa kuwatazama wengine kwenye viwanja vya umma vya Exposition Park. Viongozi wa tenisi wa eneo lake walimzuia kushiriki mashindano ya vijana kwa sababu alikuwa mtoro wa shule, na baadaye akaingia jeshi la majini. Aliporudi, alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1948, akautwaa tena 1949, na akiwa kijana wa miaka 21 akasaini mkataba wa kumkabili Kramer.

Kramer alimshinda mechi 96 kwa 27.

Baada ya hapo hakuna promota aliyeona faida ya kumpeleka tena barabarani. Gonzales aliendelea kushinda pale alipopata nafasi, kwa mfano mashindano ya Wembley mjini London, ambayo wachezaji wa kulipwa waliyahesabu kuwa miongoni mwa makubwa yao matatu pamoja na yale ya Paris na ya Marekani. Lakini mashindano hayo yalikuwa machache kwa mwaka, na muda uliobaki alikuwa na duka la tenisi palepale Exposition Park, akifunga nyuzi za raketi za watu wengine. Alikuwa katika umri ambao mchezaji huvuna. Nimekaa mara nyingi nikimfikiria mtu yule, bingwa mara 2 wa nchi yake, akiwa ameinamia raketi ya mteja, akivuta uzi mmoja mmoja na kuukaza, huku kwenye redio wanatangaza washindi wa Wimbledon ambao yeye angeweza kuwafunga.

Kramer alipoanza kuumwa mgongo na kugeukia kazi ya upromota, Gonzales alirudi, na kuanzia 1954 hapakuwa na aliyeweza kumwinua kwenye kiti. Mwaka 1956 alimkabili Tony Trabert, aliyekuwa ametwaa mataji 3 kati ya 4 makubwa katika mwaka 1955. Gonzales akashinda msafara kwa mechi 74 dhidi ya 27. Na hapa ndipo uchungu wake ulipokuwa: katika biashara ile aliyevuta watu ni sura mpya iliyotoka Wimbledon, kwa hiyo Trabert aliyeshindwa alikuwa na mkataba wenye malipo mara kadhaa ya yale ya Gonzales aliyemshinda. Wengi wameandika juu ya hasira za Gonzales, ugomvi wake na waamuzi, ukimya wake garini. Mimi nikiuangalia mkataba ule, hasira ile naielewa.

Mwaka 1957 alimshinda Ken Rosewall mechi 50 kwa 26. Mwaka 1958 akaja Lew Hoad, Mwaustralia mwenye mkono wa nguvu kuliko wote wa kizazi chake, aliyesaini kwa dhamana ya dola 125,000 mara tu baada ya kushinda Wimbledon kwa mara ya pili. Hoad alianza kwa kasi, akatangulia kwa ushindi 18 dhidi ya 9, na ilionekana kwamba hatimaye Gonzales atainuka. Mgongo wa Hoad ukaanza kumsaliti, Gonzales naye akarekebisha pigo lake la mgongo wa mkono, upande ambao Hoad alikuwa akimshambulia, na hesabu ikaishia 51 kwa 36. Mashindano ya Marekani ya kulipwa Gonzales aliyashinda mara 8. Kwenye orodha ya mataji makubwa mtaona mawili tu mbele ya jina lake.

Nimeleta kitu hapa mkione. Hii ni raketi ya mbao, na hiki ni kibano chake chenye skrubu nne pembeni, kwa sababu mbao ikiachwa wazi katika unyevu hupinda na raketi huharibika. Kichwa chake ni kidogo. Kiwekeni juu ya kichwa cha raketi zenu za leo mtaona nafasi inayobaki pande zote. Mahali pa kuupata mpira vizuri ni padogo kama kiganja cha mtoto, na ukikosa hapo, mtikisiko unapanda mpaka kwenye kiwiko. Kwa chombo cha namna hii, juu ya turubai, katika mwanga hafifu, baada ya usiku wa kuendesha gari, watu hawa walipiga mipira ya kuanzisha ambayo wapinzani hawakuigusa, wakaukimbilia wavu, wakamaliza pointi kabla mpira haujadunda. Mtindo huo wa kuanzisha na kukimbilia wavu Kramer aliufanya kuwa elimu, na sehemu ya sababu ni viwanja vyenyewe: juu ya mbao na turubai mpira huruka chini na kwa kasi, na anayebaki nyuma anachelewa.

Rosewall alikuwa mfano wa tofauti. Mtoto wa mwenye duka la vyakula mjini Sydney, alizaliwa akitumia mkono wa kushoto na baba yake akamfundisha kucheza kwa mkono wa kulia. Alikuwa na urefu wa sentimita 170 hivi na mwili mwembamba, mpira wake wa kuanzisha haukumtisha mtu, lakini pigo lake la mgongo wa mkono, lililokata mpira chini kwa upole, lilikuwa sahihi kama mkono wa fundi cherehani. Alitwaa mataji ya Australia na ya Ufaransa mwaka 1953 akiwa na miaka 18, akaongeza Australia mwaka 1955 na Marekani mwaka 1956, kisha Januari 1957 akaanza kazi ya kulipwa, na kwa miaka 11 hakugusa tena uwanja wa mashindano yale. Katika kipindi hicho alitwaa taji la kulipwa la Paris mara 8, la Wembley mara 5 na la Marekani mara 2. Jumlisheni wenyewe: 15.

Mwaka 1962 Rod Laver, mkono wa kushoto kutoka Rockhampton katika jimbo la Queensland, Australia, alishinda mataji yote manne makubwa katika mwaka mmoja, jambo ambalo kabla yake kwa wanaume lilikuwa limefanywa na Don Budge peke yake, mwaka 1938. Dunia ilisema huyu ndiye mchezaji bora aliye hai. Mwezi Januari 1963 akaingia kwenye kazi ya kulipwa kwa dhamana ya dola 110,000 kwa miaka mitatu, na waliomsubiri ni Hoad na Rosewall. Hoad alimshinda mara 8 katika mechi zao 8 za mwanzo. Rosewall alimshinda mara 11 katika mechi 13. Katika mechi 21, bingwa wa dunia ya ridhaa alishinda 2.

Mimi hesabu hiyo naiona kuwa ushahidi mzito kuliko hoja yoyote ninayoweza kuitoa hapa. Laver hakuwa amezeeka wala hakuwa mgonjwa; alikuwa na miaka 24, ametoka kushinda kila kitu kilichokuwepo kushindwa. Alikutana tu na kiwango cha mchezo ambacho watazamaji wa Wimbledon hawakuwa wamekiona kwa miaka mingi, kwa sababu wenye kiwango hicho walifungiwa nje. Kwa sifa yake, hakulalamika. Alijifunza kucheza kila usiku kana kwamba ni fainali, akaugeuza mkono ule wa kushoto kuwa silaha ya kila pembe, na kufikia 1965 alikuwa ameanza kumpita Rosewall. Mwaka 1967 alishinda Paris, Wembley na Marekani, yote matatu.

Lakini maisha yao hayakuwa na uhakika. Mwaka 1963 mashindano ya kulipwa ya Marekani yalifanyika Forest Hills, Rosewall akamfunga Laver katika fainali, na mwisho wa yote fedha hazikuwepo. Bingwa na mshindi wa pili waliondoka bila malipo. Mwaka uliofuata mashindano yakahamia Longwood karibu na Boston, benki moja ikaweka zawadi ya jumla ya dola 10,000, na wachezaji wakaona wameokolewa. Kiasi hicho walikigawana wachezaji bora duniani, wote kwa pamoja.

Hapa nifupishe. Mwaka 1960 Shirikisho la Kimataifa lilipiga kura mjini Paris kama mashindano yafunguliwe kwa wote, na pendekezo likakosa kura 5 tu kufikia theluthi mbili. Kura hizo 5 ziliwagharimu watu hawa miaka 8. Mabadiliko yalipokuja, yalitoka pale ambapo hayakutarajiwa: Agosti 1967 klabu ya Wimbledon yenyewe, ikishirikiana na BBC, iliwaalika wachezaji 8 wa kulipwa kucheza katika Uwanja wake Mkuu. Watu walijaa. Hoad na Gonzales walichuana hadi seti ya tatu iliyokwisha 8 kwa 6, na fainali ilikuwa ya Laver na Rosewall. Desemba ya mwaka huo chama cha tenisi cha Uingereza kikaamua kuifuta tofauti ya ridhaa na kulipwa bila kungoja wengine, na tarehe 30 Machi 1968 Shirikisho la Kimataifa likakubali.

Mashindano ya kwanza ya wazi yalianza Bournemouth tarehe 22 Aprili 1968. Ni haki niseme kwamba siku zile za mwanzo wachezaji wa kulipwa waliogopa. Walikuwa wamezoea kukutana wao kwa wao, na sasa kila mtu angeweza kuwapima. Na kweli, Mwingereza wa ridhaa aitwaye Mark Cox alimfunga Gonzales kwa seti 5, na baadaye akamfunga Mwaustralia Roy Emerson, naye wa kulipwa. Lakini fainali ilikuwa tena ya Rosewall na Laver, na Rosewall akashinda pauni 1,000. Wiki chache baadaye, Ufaransa ikiwa katika migomo ya Mei, Rosewall alimshinda tena Laver katika fainali ya Paris, miaka 15 baada ya kulitwaa taji lile kwa mara ya kwanza. Julai Laver akatwaa Wimbledon na kupewa pauni 2,000. Septemba taji la Marekani likaenda kwa Arthur Ashe, luteni wa jeshi aliyekuwa bado ridhaa, ambaye kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kupokea dola 14,000 za bingwa. Zilikwenda kwa Tom Okker, aliyefungwa na Ashe katika fainali, na Ashe akapata posho ya dola 20 kwa siku. Mwaka 1969 Laver alishinda tena yote manne. Hakuna mwanamume mwingine aliyelifanya hilo mara mbili.

Nirudi kwenye hesabu, kwa kuwa ndiko nilikoanzia. Kwa zaidi ya miaka 30 rekodi ya mataji makubwa ya mchezaji mmoja mmoja kwa wanaume ilikuwa ya Roy Emerson, mataji 12, mpaka Pete Sampras alipoipita mwaka 2000. Emerson alikuwa mchezaji hodari na mwungwana, na simpunguzii hata taji moja. Lakini angalieni miaka: mataji 10 kati ya 12 aliyapata kati ya 1963 na 1967, yaani katika miaka mitano ileile ambayo Laver alikuwa nje, na Rosewall nje, na Gonzales na Hoad nje. Laver ana mataji 11, naye alikosa mashindano makubwa 21 akiwa katika umri wake bora. Rosewall ana 8, naye alikosa zaidi ya 40.

Sisemi tuwagawie mataji ambayo hawakuyacheza. Hiyo ingekuwa dhuluma ya aina nyingine, kwa sababu mashindano ya kulipwa yalikuwa na wachezaji wachache, na mtu angeweza kufika fainali kwa kushinda mechi mbili au tatu tu, ingawa hizo tatu zilikuwa dhidi ya watu wa namna ya Pancho Segura wa Ecuador, Andrés Gimeno wa Hispania na Hoad. Ninachoomba ni kwamba mwalimu anapowasimulia watoto habari za mabingwa asianze na mwaka 1968, na anaposoma orodha aeleze kuna nini katika ile miaka mitupu iliyopo katikati ya 1956 na 1968 mbele ya jina la Rosewall. Kuna malori, turubai, na mechi ambazo hakuna aliyezipiga picha.

Nimalizie na siku mbili za mwezi Juni 1969. Gonzales, akiwa babu mwenye umri wa miaka 41, aliingia Uwanja Mkuu wa Wimbledon jioni dhidi ya Charlie Pasarell wa Puerto Rico, kijana wa miaka 25. Gemu ya kuamua seti haikuwa bado imeanzishwa, kwa hiyo seti ya kwanza ilikwenda mpaka 24 kwa 22, na Gonzales akaipoteza. Giza lilikuwa linaingia. Alimwomba mwamuzi mkuu wasimamishe, akakataliwa, akacheza seti ya pili kwa hasira, akaipoteza 6 kwa 1, na watazamaji wakamzomea akitoka. Kesho yake alirudi. Akashinda seti ya tatu 16 kwa 14 na ya nne 6 kwa 3. Katika ya tano Pasarell alifika mara 7 kwenye pointi moja tu ya kumaliza mechi, na mara zote 7 mzee yule alikataa, mara kwa mpira wa kuanzisha, mara kwa kuukimbilia wavu kama alivyofanya kwenye turubai maelfu ya nyakati. Walipofika 9 kwa 9 miguu ya kijana ndiyo iliyokuwa imechoka. Gonzales alishinda 11 kwa 9, baada ya saa 5 na dakika 12 na gemu 112, na uwanja uliomzomea jana ukasimama wote.

Ilikuwa raundi ya kwanza tu ya mashindano.

Raketi hii naiacha hapa mezani. Kijana anayetaka aichukue, aende nayo uwanjani kesho asubuhi, aanzishe nayo mipira 20, kisha aje aniambie kiwiko kinasemaje. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.